Nakala Halisi ya Mlango

Nilipostaafu nilikabidhi funguo saba, rejista kumi na moja na mihuri minne. Hati ya makabidhiano ipo, imesainiwa na pande zote mbili, na haina mfuto hata mmoja. Hata hivyo si sahihi. Mihuri ilikuwa mitano. Habari za muhuri wa tano nitazieleza mahali pake, kwa kuwa hazinihusu mimi peke yangu. Zinamhusu pia mtu ambaye hospitali yetu ilimuaga kwa hotuba yenye makosa.

Hotuba hiyo ilisomwa na ofisa ambaye hakuwahi kufanya naye kazi. Ilisema kwamba Muuguzi wa Akili, kama sote tulivyomwita kwa sababu ya kliniki yake ya Alhamisi, alikuwa mpole, mcheshi na mwenye kupendwa na wote. Watu wakapiga makofi. Yeye alikuwa meza kuu, anamenya karanga na kupanga maganda pembeni mwa sahani. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Nilitunza kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali hiyo kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka kumi na minne kati ya hiyo chumba chake na changu viligawana ukuta mmoja. Hakuwa mpole, na mcheshi hakuwa kabisa. Kuhusu kupendwa na wote, ninayo malalamiko sita ya maandishi dhidi yake, na mawili niliyaandika mimi.

Upole alikuwa nao, lakini aliugawa kwa masharti. Mtu aliyeweza kusema hakuupata. Siku moja mchimbaji kutoka machimbo madogo ya upande wa Bugarama alimleta kaka yake, mtu mzima ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kutamka neno wala kujivalisha shati. Mchimbaji alieleza mambo kwa muda mrefu, akataja waganga wa jadi watatu, akaeleza na hali ya mashimo msimu ule. Nilisikia yote kupitia ukutani.

"Umemaliza?" Muuguzi akauliza.

"Bado kidogo, Nesi."

"Nenda kanywe chai. Nataka kuzungumza na kaka yako."

"Huyu hasemi, Nesi."

"Nimeona. Ndiyo maana nataka utulivu."

Baada ya hapo sikusikia kitu kwa saa nzima. Nilipopita mlangoni nilimwona ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, na yule kaka ameketi vivyo hivyo mbele yake. Hakuna aliyekuwa anafanya lolote. Foleni nje ilikuwa na watu kumi na wawili. Hilo ni mojawapo ya yale malalamiko mawili.

Fomu yetu ya tathmini ilikuwa na nafasi ya mistari miwili iliyoandikwa: "Malalamiko ya mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe." Kwa watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, matabibu wengine waliandika pale "Hazungumzi," na mimi niliona jibu hilo linatosha na linaingia ndani ya mistari. Muuguzi alijaza mistari miwili, akapanda pembeni, akageuza ukurasa. Aliandika mgonjwa anashika wapi akilia, anageukia upande gani akilala, anakataa uji wa moto tu au hata wa baridi, nani akiingia anatulia na nani akiingia anajificha. Nilimwambia nafasi ile ni ya maneno. Akasema hayo ndiyo maneno yake. Nilimwambia basi aandike kwa hati inayosomeka. Jambo hilo hakulitekeleza mpaka anastaafu.

Kabla ya kusema lolote kuhusu akili ya mtu, alianza na meno, masikio na choo. Kuna bwana aliyeletwa kutoka Isaka juu ya lori, amefungwa kamba ya katani, kwa kuwa alikuwa anajing'ata mikono na kumpiga yeyote aliyemkaribia. Kadi ya rufaa ilisema kichaa kimempanda mtu ambaye tayari ana upungufu wa akili. Muuguzi aliwaambia ndugu wafungue kamba. Hawakutaka. Akaifungua mwenyewe, akapigwa kofi la sikio, akaendelea. Akamfunulia mdomo taratibu kwa kijiko cha asali, akaita watu wa kinywa na meno. Jino liling'olewa siku hiyo hiyo pamoja na usaha wake. Siku ya tatu bwana yule alirudi Isaka ameketi mbele kwa dereva. Neno "kichaa" lilibaki katika jalada lake, kwa sababu sikuruhusu kufuta kilichoandikwa. Niliruhusu kuongezea chini yake neno "jino."

Ikiwa meno, masikio na choo havikuwa na tatizo, ndipo alipouliza swali lake. Wazazi walikuja na orodha ya mambo ambayo mtoto wao mkubwa anafanya: anapiga kelele, anatupa sahani, anavua nguo. Alisikiliza nusu tu. Kisha alisema, "Ameacha nini?" Wengi hawakuelewa. Akarudia, "Kabla ya hapo alikuwa anafanya nini ambacho sasa hafanyi?" Baba wa familia, mara nyingi, alikuwa hajui. Muuguzi alimgeukia yule anayemwosha na kumlisha, ambaye huwa ameachwa nje kwenye benchi, akaanza upya na huyo. Malalamiko matatu kati ya sita yaliandikwa na akina baba.

Lazima niandike pia udhaifu wake. Mtu huyu, aliyekaa sakafuni na watu wanaorusha mawe, aliogopa ng'ombe. Si fahali tu. Hata mtamba aliyefungwa. Katika nchi ya Wasukuma hilo ni tatizo la kikazi. Akienda kuwatazama wagonjwa majumbani, alisimama mbali na boma na kuita mpaka mtu aje amsindikize, na wanawake waliokuwa wanamwagilia bustani walimcheka waziwazi. "Nesi, anakula majani huyo, hakuli watu," wakamwambia. Alijibu kwamba hana uhakika kama ng'ombe mwenyewe ameelezwa. Hakuwa anafanya mzaha.

Aidha, alijaza majalada vitu visivyo karatasi. Nilipokea kutoka kwake kijiko kilichopinda, ncha ya kitenge iliyotafunwa, na kipande cha udongo wa ukuta chenye alama ya paji la uso. Nilivirudisha vyote kwa barua. Alivirudisha tena, bila barua.

Sasa nafika kwenye muhuri.

Majalada ya watu hawa yalikuwa yanatoka na kurudi kila Alhamisi, na mara nyingi tabibu wa zamu aliandika maneno yale yale: "Ndivyo alivyo." Niliona hasara ya nafasi, ya muda, na ya miguu ya wasaidizi wangu. Nilipendekeza muhuri wa maneno matatu, HALI YA KUDUMU. Jalada likigongwa, kadi ya mgonjwa nayo inagongwa, haitwi tena kliniki, na jalada linashushwa chumba cha chini. Ili litoke huko, uletwe ushahidi mpya wa maandishi, uthibitishwe na mkuu wa kumbukumbu, yaani mimi. Uongozi ulipitisha kwa dakika nne. Muuguzi peke yake alisimama.

"Ulemavu wake ni wa kudumu," alisema. "Sijakataa. Lakini mtu huyo huyo anaweza kupata huzuni mwaka huu, kama wewe. Muhuri wako utaonyesha wapi?"

Mganga Mfawidhi alimwomba aketi. Mimi niliandika katika kumbukumbu za kikao kwamba hoja imepokelewa. Kwa lugha ya ofisi hiyo ina maana kwamba haikupokelewa.

Mwaka uliofuata aliletwa Doto. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, pacha wa Kulwa, kutoka kijiji kilicho mbele ya Bugarama. Kulwa alikuwa mzima. Doto hakuwahi kusema, alilishwa kwa mkono, na alikuwa na kifafa. Mama yao, Mama Kulwa, alikuwa mjane, na mwenye kauli nyumbani alikuwa baba mdogo wa mapacha hao. Mama alieleza kwamba Doto hali, halali, na anagonga kichwa ukutani. Muuguzi alikuwa likizo. Tabibu wa zamu aliandika, "Ulemavu mkubwa wa akili tangu kuzaliwa. Ndivyo alivyo." Jalada likaja mezani kwangu. Nililigonga, na kadi nikaigonga.

Muuguzi aliporudi akaomba jalada hilo. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili alikuwa anakuja kutoka mkoani mara moja kwa miezi mitatu, na zilibaki siku tisa.

"Limeshuka chini," nilimwambia.

"Lipandishe."

"Ushahidi mpya wa maandishi."

"Mzee Masijala, baba yake mdogo amechimbia nguzo kwenye chumba cha nyuma. Mvua zikianza, watu wote watakuwa mashambani kutwa nzima, na huyu atafungwa hapo. Mama yake kaniambia akiwa amesimama. Alikataa kukaa."

"Nasikitika. Kanuni hairuhusu maneno ya mdomo."

"Ushahidi wa maandishi upo," akasema. "Ameuandika mama yake. Shida ni kwamba ameuandika mlangoni."

Nilimwambia auwasilishe.

"Nilete mlango?"

"Mlango wenyewe, au nakala halisi."

"Nani anathibitisha nakala halisi?"

Kanuni ilikuwa wazi, na niliitunga mimi. Keshoye tulipanda bodaboda mbili.

Mama Kulwa alitupokea uani. Ilikuwa asubuhi, na Muuguzi akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, kutoka mbali, kwa kuwa kulikuwa na ndama. Ndama akaondolewa. Doto alikuwa ameketi chini kando ya ukuta, paji la uso limefungwa kitambaa. Mkononi alishika ncha ya kitenge ambacho hakikuwa kimevaliwa na mtu.

Baba mdogo akatoka. Alikuwa mtu wa heshima, na naandika hivyo kwa makusudi, kwa kuwa wasomaji hupenda kuwa na mtu mbaya. Aliniletea kigoda, akauliza habari za safari.

"Mzee, shikamoo. Mmesumbuka bure. Huyu ndivyo alivyo."

"Marahaba," nilisema. "Tumekuja kuona mlango."

"Mlango?" Akamgeukia Muuguzi, akaona sura ile ile. "Sawa, mlango upo. Ila suala lenyewe mlikwisha kulimaliza nyinyi. Mimi si mtu wa kumfunga mtoto wa kaka yangu hivi hivi. Nilikataa mwanzoni. Nikasema, waache wamsome kwanza hospitali." Akatoa kadi ya Doto kutoka mfuko wa shati, imekunjwa vizuri ndani ya karatasi ya nailoni. "Wameandika ni ya kudumu. Basi nikachimba nguzo."

Muhuri ulikuwa umegongwa sawasawa, katikati, bila kupinda. Wino haukuwa umeenea.

Mama Kulwa akafunga mlango ili tuuone upande wa ndani. Ulikuwa mlango wa mbao, na juu yake, kwa mkaa, kulikuwa na safu za mistari. Miaka mingi kabla, Muuguzi alikuwa amemwagiza aweke kumbukumbu za kifafa cha Doto, naye hakujua kuandika. Akatumia mlango. Kila mwaka mvua zikikaribia huupangusa kwa kitambaa cha maji, anaanza upya.

"Nisomee, mama," nilisema, nikatoa karatasi.

"Kila safu ni wiki, baba. Inaanza siku ya gulio. Mstari mrefu ni siku amekula na amelala. Ukiwa na kikato, ni siku ameanguka kifafa."

"Na mfupi?"

"Hakulala."

"Duara?"

"Amekataa chakula. Hilo nililiongeza mwenyewe. Sikuwa nimeambiwa." Alisema kana kwamba anaungama.

Nilianza kunakili kutoka juu. Safu arobaini za kwanza zilikuwa na mistari mirefu, vikato hapa na pale. Hakuna siku iliyorukwa. Nilitafuta kosa, kwa mazoea ya kazi, nikapata moja, mstari uliorudiwa. Naye alikuwa amekwisha kuutia alama pembeni. Kisha palikuwa na msalaba mdogo.

"Hapa pana nini?"

"Pamba ilikuwa imekwisha kuuzwa. Mwenzake akaolewa, Isaka. Walikuja kumchukua siku hiyo."

Baada ya msalaba kulikuwa na safu mbili bado za mistari mirefu. Ya tatu ilikuwa na mifupi miwili. Ya nne, mifupi mitano na duara. Kutoka hapo mistari mirefu ikaisha, mlango ukajaa maduara mpaka kwenye komeo.

"Ameacha nini, mayu?" Muuguzi aliuliza, kwa sauti ambayo kupitia ukutani sikuwahi kuisikia vizuri.

"Alikuwa anamshika mwenzake kitenge, hapa nyuma, wakienda kisimani. Miaka yote. Kuku wakipewa chakula alikuwa anapiga makofi. Ameacha makofi. Kitenge nimempa hicho. Anakishika, lakini haendi."

Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, akifuatisha safu kwa kidole hewani. "Huu mlango naufungua kila siku," akasema. Baadaye kidogo akasema tena, "Nilidhani ni mambo ya kuku," kwa kuwa wanawake wa pale huhesabu hivyo siku za kuku kulalia mayai.

Katika hospitali yetu hakukuwa na rejista iliyotunzwa vizuri kama mlango ule. Nasema hili kama mtu aliyezikagua zote. Niliandika chini ya karatasi, "Nathibitisha kuwa hii ni nakala halisi ya mlango," nikasaini, nikaweka tarehe. Muhuri wa ofisi nilikuwa nao mkobani. Ulikuwa ule wa nakala, si ule mwingine.

Muuguzi alipitisha asubuhi nzima akimkagua Doto meno, masikio na tumbo, akamtazama akipewa uji na akiukataa. Hakuna kilichouma. Jalada likapandishwa siku ile ile. Daktari bingwa alisoma nakala yangu mara mbili, akauliza nani aliyefanya kazi hii, nikamtajia Mama Kulwa. Akamchunguza Doto mwenyewe, akaandika kwamba ana sonona, juu ya ulemavu wake na si kwa sababu ya ulemavu wake. Akaagiza dawa zinazopatana na zile za kifafa. Muuguzi akaongeza la kwake: Kulwa aje kulala nyumbani kila baada ya wiki mbili, siku ya gulio, na mumewe aelezwe sababu. Alikwenda Isaka kumweleza mwenyewe. Nasikia hakuwa mpole.

Doto hakuanza kusema. Hakuna aliyetarajia. Mwezi wa tatu Mama Kulwa alileta habari ya mistari mirefu minne katika safu moja, na mwezi wa tano habari ya makofi. Kwenye nguzo sasa hufungwa ndama, jambo lililomfanya Muuguzi asiingie tena katika chumba hicho.

Nilimwandikia Mganga Mfawidhi barua, nikipendekeza muhuri wangu uondolewe na majalada ya chumba cha chini yapitiwe upya, moja baada ya jingine. Barua haikujibiwa. Nikaandika ya pili. Nikajibiwa kwamba muhuri umerahisisha kazi na uongozi unanipongeza. Nimelitumikia taifa kwa miaka mingi na sijawahi kuchukua hata kibanio cha karatasi, lakini jioni hiyo niliuweka muhuri ule mfukoni nikaenda nao nyumbani. Kwa mujibu wa kanuni huo ni wizi, na naungama hapa kwa maandishi. Ofisi ilichongesha mwingine baada ya wiki moja.

Mwezi uliopita nilisafiri hadi Ushirombo, anakoishi Muuguzi tangu aagwe. Nilimkuta kivulini nyuma ya nyumba akimenya karanga. Amepungua mwili, na sikio lililopigwa kofi na yule bwana wa Isaka sasa halisikii, kwa hiyo nilihamia upande wa pili. Nikaweka muhuri wa tano juu ya ungo wa karanga.

Aliutazama. "Umeuiba."

"Ndiyo."

"Lini?"

Nikamtajia tarehe. Alitikisa kichwa, akauweka chini pamoja na maganda.

"Kule chini bado yapo mangapi?" akauliza.

"Mashelfu mawili."

"Na majina?"

Nilimweleza kwamba orodha ya wagonjwa hairuhusiwi kutoka ofisini, kwamba sote wawili hatuna tena cheo wala mamlaka, na kwamba aliyepo sasa kliniki ni muuguzi mmoja, binti mwenye bidii, ambaye hawezi kumwita mtu ambaye kadi yake imegongwa. Mtu huyo anapokelewa tu akija mwenyewe, akiwa na ushahidi mpya wa maandishi.

"Orodha iko wapi, Mzee Masijala?"

Nikaitoa mfuko wa ndani wa koti. Karatasi sita, kwa mkono wangu, kila jina na kijiji chake. Alisogeza ungo, akaisoma ya kwanza taratibu, kidole juu ya kila mstari. Akasimama kwenye jina la nne.

"Huyu namkumbuka. Alikuwa anaimba. Wanakaa karibu, hapo njia ya mnadani." Akafikiri. "Mama yake ana mlango?"

"Sijui. Wengine wanaweza kuwa wametumia ukuta."

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Waulize hao majirani kwanza kama pale pana ng'ombe."

Nilikwenda kuuliza. Nilirudi nikamwambia wapo, kumi na mmoja, na wote wako nyumbani.

Muuguzi akapangusa maganda magotini, akainuka kutafuta viatu.